Mpeni mtoto mizani, hesabu ya hewa ukaa ataifanya mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Shuleni jambo hili mara nyingi huishia kwenye ngonjera za kupanda miti, ilhali mtoto aliyekwisha kufundishwa desimali, asilimia na wastani ana hesabu zote zinazohitajika kujua nyumba yao inatoa hewa ukaa kiasi gani. Vikokotoo vya mtandaoni havimfai. Vingi vimetengenezewa Ulaya: vinauliza habari za kupasha nyumba joto na safari za ndege, mkaa haumo.

Kwanza mwalimu aondoe shaka moja ambayo darasa zima litakuwa nayo: inakuwaje mtungi wa gesi ya kilo 6 utoe kilo 18 za hewa ukaa? Uzito wa ziada umetoka hewani. Kila sehemu 12 za kaboni zikiungua hushika sehemu 32 za oksijeni, jumla 44. Gesi ya kupikia ni kaboni kwa asilimia 82 hivi, kwa hiyo 6 × 0.82 × 44 ÷ 12 ni kilo 18. Mkaa mkavu una kaboni asilimia 80 hivi, na kilo yake moja hutoa karibu kilo 2.9. Mtoto akishaipata hesabu hii hana haja ya kukariri jedwali.

Kazi ngumu iko kwenye kupima. Mtungi upimwe kwa mizani ya kuning'iniza, kisha utolewe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma chake. Uzito huo hutofautiana mtungi kwa mtungi, hivyo ukibadilishwa dukani lazima namba mpya isomwe. Mkaa nao usihesabiwe kwa sado wala gunia, maana kila muuzaji ana ujazo wake na rumbesa yake. Upimwe kwa kilo kabla ya kuwashwa, na unaobaki upimwe baada ya kupika. Hapa ndipo wengi huharibu: mkaa ukizimwa kwa maji hunywa maji, na mizani itaonyesha kwamba chakula kimeiva kwa mkaa kiduchu. Mzazi, si mtoto, autie kwenye debe lenye mfuniko unaobana, nje ya nyumba, hadi upoe kabisa.

Kwa umeme, shilingi za kwenye risiti ya LUKU haziaminiki kwa kazi hii kwa sababu ndani yake kuna kodi na makato mengine. Zitumike uniti. Tuseme Jumatatu mita ina uniti 42.6, katikati ya wiki zikanunuliwa 28, na Jumatatu iliyofuata mita inasoma 51.3. Yaliyotumika ni 42.6 + 28 − 51.3, yaani 19.3. Anayesahau ule ununuzi atapata hasi 8.7, nyumba inayoiuzia TANESCO umeme! Jibu la namna hiyo lisifutwe kwa kalamu nyekundu. Mtoto aulizwe limetoka wapi.

Kizidisho cha uniti, yaani kilo za hewa ukaa kwa kila uniti moja, ndicho chenye utata. Umeme wa maji hautoi karibu chochote wakati wa kuzalishwa, lakini wa gesi asilia hutoa kiasi cha kilo 0.45 kwa uniti, na uwiano wa viwili hivyo umebadilika tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa mwaka 2024. Kwa zoezi, chukua nusu kwa nusu: kilo 0.225 kwa uniti.

Sasa tuchukue nyumba ya watu 5 inayotumia kwa mwezi mkaa kilo 30, gesi kilo 6 na uniti 60. Mkaa unatoa kilo 88, gesi 18, umeme 13.5. Jumla ni kilo 119.5, karibu 24 kwa kila mtu. Lakini zile kilo 88 za mkaa ni za jikoni tu. Kwenye tanuri la kienyeji kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Tukishika 6, mkaa ule ulikuwa kilo 180 za kuni, ambazo zikiwa kavu nusu yake ni kaboni: sawa na kilo 330 za hewa ukaa. Jikoni zimeonekana asilimia 27. Nyingi ya zilizosalia zilipotelea porini mkaa ulipochomwa. Mti ukiota tena pale pale, hewa hiyo itarudi kwenye shina polepole. Shamba likilimwa, hairudi. Darasa lifanye hesabu zote mbili na kubishana.

Upunguzaji nao upimwe. Nusu kilo ya maharage, sufuria ile ile, maji yale yale, mkaa wa gunia moja: siku moja yapikwe makavu, nyingine yawe yamelowekwa usiku kucha. Kila njia irudiwe mara tatu na utafutwe wastani, kwani upepo peke yake unaweza kugeuza matokeo.

Jambo moja lisifanyike: kubandika ukutani majina ya familia kuanzia safi hadi chafu. Anayenunua mkaa kwa kopo mara nyingi hana fedha za kujaza mtungi kwa mkupuo, na mtoto wake hastahili kuaibishwa kwa hilo. Kila nyumba ilinganishwe na mwezi wake uliopita.

Taasisi ya Elimu Tanzania iweke vizidisho hivi kwenye ukurasa mmoja wa kitabu cha Hisabati. TANESCO nayo ichapishe kila mwezi, kwa Kiswahili na mahali pa wazi, asilimia ya umeme uliotokana na maji na uliotokana na gesi, ili walimu waache kutumia nusu kwa nusu.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro