Vitabu vya ubatizo vya zamani vinusuriwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotugusa sisi tunaotumia muda wa mapumziko kutafuta asili ya koo zetu, nalo ni hali ya vitabu vya ubatizo na ndoa katika makanisa ya zamani.

Hapa Ugogo mtafutaji huanza kwa wazee, na ndivyo inavyopasa. Lakini mzee hakutajii mwaka. Hukueleza kwamba baba yake alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa iliyoangamiza watu baada ya majeshi ya Wajerumani, na kisha ya Waingereza, kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Kwa kuwa Mtunya inajulikana kuwa ilikuwa kati ya 1917 na 1920, mtafutaji anakuwa tayari amepata pa kuanzia.

Shida ni pa kuhakikishia. Waafrika walio wengi wa enzi hizo hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza vinaeleza habari za watemi, koo na mila, ila mkulima wa kawaida na mkewe huwakuti humo. Anayewataja kwa majina ni karani wa misheni. Wamisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, na popote misheni ilipoota mizizi, ziliandikwa tarehe za ubatizo, majina ya wazazi na ya wasimamizi. Wakatoliki huongeza pembeni kipaimara na ndoa, hata mstari mmoja ukakuonyesha mtu tangu utoto wake hadi parokia alikofungia ndoa. Kwa familia nyingi maskini, huo ndio ushahidi pekee wa maandishi kwamba babu yao aliishi.

Ndiyo maana niliumia sana nilipofika katika kanisa moja na kukuta vitabu vya kwanza vimerundikwa sakafuni stoo, kurasa za mwanzo zimekwisha kuliwa na mchwa. Katibu alinipokea vizuri, lakini hakuna aliyewahi kumwelekeza la kufanya.

Nawaomba maaskofu wa madhehebu yote waagize vitabu hivyo viondolewe sakafuni, viwekwe katika makabati ya chuma, na kila ukurasa upigwe picha, kazi ambayo vijana wa kwaya wanaiweza kwa simu zao wakisimamiwa na katibu. Nakala moja ibaki parokiani na nyingine ipelekwe makao makuu ya dayosisi au jimbo. Vitabu vya miaka ya karibuni, vyenye habari za watu walio hai, visifunguliwe kwa kila mtu. Vya kabla ya uhuru ndivyo vishughulikiwe kwanza, tena kabla ya mvua za Desemba, kwa sababu stoo nyingi za makanisa ya vijijini zinavuja.

Msomaji wako,
Dodoma