Fomu ya ng'ombe kwa mtoto wa mbwa

Mhariri,

Nimelinunua gazeti lenu miaka 19 bila kuwasumbua kwa barua hata moja. Lakini ile taarifa yenu ya Jumapili, kwamba sisi tunaouza mbwa tunakwepa taratibu, imenikaa kooni. Mimi sikuzikwepa.

Mwezi wa nne mbwa wangu alizaa watoto saba. Mwalimu mmoja wa Babati akataka dume. Wiki ya nane mtoto yuko tayari: kapewa dawa ya minyoo, kapata chanjo ya kwanza ya parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, kadi imejazwa na stika ya kichupa imebandikwa. Nikaambiwa mnyama akisafirishwa kwenda mkoa mwingine lazima awe na kibali. Sawa, sina ugomvi na hilo.

Ofisini nikapewa fomu. Idadi ya ng'ombe. Mbuzi. Kondoo. Alama ya chapa. Mnada aliponunuliwa. Nikauliza mbwa anaandikwa wapi; dada wa pale akachukua kalamu, akakata "kondoo", juu yake akaandika "mbwa". Haya. Akafungua kadi: chanjo ya kichaa cha mbwa iko wapi? Nikamweleza kwamba kwa kawaida hiyo hutolewa mtoto akifikisha miezi mitatu, na huyu ana miwili. Akasema bila kichaa hakuna kibali. Nikashuka kwa daktari wa mifugo, jengo lilelile mhariri, ghorofa ya chini, naye akasema hamchanji kichaa mtoto wa wiki nane. Nikapanda tena. Basi nilete barua ya daktari ya kueleza kwa nini hajachanjwa, barua ya serikali ya mtaa kwamba mbwa ni wangu, na kivuli cha kitambulisho cha mnunuzi, ambaye yuko Babati! Siku ya tatu nimekamilisha kila kitu, naambiwa mtandao unasumbua, namba ya malipo haitoki, njoo kesho. Kesho ikatoka, muhuri ukawa mkavu. Bwana mwenye muhuri akauhemea mara mbili, akaugandamiza kwa uzito wake wote, likatoka duara tupu lisilo na herufi. Muda wote huo mtoto wa mbwa yumo kwenye boksi la sabuni miguuni pangu, keshaikojolea kadi.

Mwalimu alichoka kusubiri. Akanunua mwingine hukohuko kwao, kando ya barabara, hana karatasi hata moja. Wangu bado ninaye. Sasa kachanjwa kichaa, na kibali kimekwisha muda.

Na hapa kwetu Moshi pia, nenda stendi uone vijana wanavyouza watoto wa wiki tano kwenye tenga, macho yamejaa tongo, na wenye mamlaka wanapita wanawapapasa mbwa hao masikio. Hao hamkuwaandika. Tena, kwa kuwa nimeshaanza: acheni kuandika "Jemani Shepadi" chini ya kila picha ya mbwa mwenye masikio yaliyosimama. Yule wa kwenye picha yenu ni mbwa wetu wa mtaani, na hana kosa. Mtoto wa shepadi wa wiki nane masikio yake kwa kawaida bado yamelala, husimama akikua. Kwa picha kama zile nina mteja aliyenirudishia mbwa akidai nimemuuzia koko.

Ushauri wangu ni huu. Kila Jumamosi, saa mbili hadi saa sita, mtu mmoja akae chini ya mti mnadani na kiboksi cha barafu chenye chanjo. Awe na fomu iliyochapwa neno "mbwa", muuzaji na mnunuzi waweke dole gumba, na iandikwe tarehe ambayo mnunuzi atampeleka mtoto kuchanjwa kichaa. Asipompeleka, afuatwe yeye, si mimi.

Wino nitaleta mwenyewe.

Mfugaji, Moshi