Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Ngamiani, Tanga

Wazee wangu, mama zangu na ndugu wanachama, asalaam aleikum, na wengine Bwana asifiwe.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha kusaidiana mambo ya sheria mnazijua: Wiki ya Sheria, vipeperushi sokoni, kuwasindikiza wenzetu mahakamani. Sitazirudia.

Nitakaa kwenye suala la barua ya malalamiko niliyokataa kuisaini, maana limezua maneno barazani hadi wengine wakasema mwenyekiti amekiuza chama. Wanachama 9 walitaka nisaini malalamiko dhidi ya hakimu wa mahakama moja ya mwanzo, yapelekwe Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama ya Wilaya, ile inayochunguza mwenendo wa mahakimu wilayani. Niliyasoma yote. Ndani yake hamkuwa na tuhuma ya rushwa, lugha chafu wala ucheleweshaji. Walishindwa kesi ya deni, basi. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Hukumu usiyoridhika nayo unaikatia rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kamati haitengui hukumu. Ibara ya 107B ya Katiba inasema mahakama ziwe huru. Hakimu tukimtisha kwa alichoamua, kesho ataamua kwa kuangalia sura ya mwenye nguvu, na sisi wanyonge ndio tutakaoumia.

Mbona basi kwenye kamati hiyo niliipeleka barua ya yule mama mwenye kesi ya mirathi? Kwa sababu yake ilikuwa ya maadili. Alikuja na mfuko wa nailoni umejaa stakabadhi. Kila akifuata nakala ya uamuzi anaambiwa karani katoka, arudi Jumatatu. Ibara ya 107A inakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi, na kamati hizi ziliwekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 kwa mambo kama hayo. Barua niliiandika mwenyewe usiku, kwa fotokopi za fedha yangu. Nakala ilitoka. Hilo halisemwi barazani.

Wanaohoji kwa nini Mkuu wa Wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati inayochunguza mahakimu, hapo niko nao. Jaji wa Mahakama Kuu haondolewi mpaka Rais aunde Tume ya kumchunguza, Ibara ya 110A. Hakimu wa mwanzo, anayesikiliza kesi zetu nyingi, naye achunguzwe na watu wasio wa serikali ya siku hiyo.

Mahudhurio yanasikitisha. Tuko 64, kikao kilichopita walifika 17, tena nusu yao baada ya chai. Ada ni shilingi 12,000 kwa mwaka. Wamelipa 23, yaani 276,000. Ukumbi 90,000, nauli 60,000, karatasi na fotokopi 71,500, zimebaki 54,500. Wanaopiga kelele zaidi kuhusu barua, wengi hawamo katika orodha ya waliolipa.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupeleka maoni yetu kuhusu kamati hizo kwa mbunge, na kutoa elimu ya rufaa kwenye kata nyingine hali ikiruhusu. Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti.