Shukrani kwa mzee wa koti la kijani, Mbauda

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekata tamaa. Kabati la mninga la marehemu mama nilikuwa nimelipulizia laka, ile vanishi ya kung'arisha mbao, mara mbili, na mara zote uso ulitoa vishimo vya duara kama macho ya samaki, kisha ukaingia weupe kama ukungu.

Mzee mmoja mpita njia alisimama. Akapitisha kidole mlangoni, akauliza, "Mwanangu, hili lilikuwa likisuguliwa kwa nini?" Nikamjibu: dawa ya kung'arishia fanicha, miaka nenda rudi. Akasema silikoni, mafuta yaliyomo kwenye dawa hiyo, imejificha kwenye mbao, laka inaikimbia.

Akavua koti. Tukaondoa laka yote kwa msasa, kisha akanionyesha kazi ya vitambaa viwili: cha kwanza chenye thina kinayeyusha mafuta, cha pili kikavu kinayafuta kabla thina haijakauka. Ukichelewa, unayasambaza tu. Vikichafuka, tupa. Halafu tukapaka mkono mmoja mwembamba wa shelaki, vanishi ya aina nyingine, kufungia mafuta yaliyobaki.

Weupe ulikuwa unyevu wa baridi hii ya Arusha. Alifungua koki chini ya tangi la kompresa, mashine ya upepo wa kupulizia, yakatoka maji yenye kutu, karibu nusu kikombe! Akanizuia kupuliza hadi jua lilipotoka, saa saba mchana.

Hakupokea hata nauli, alikunywa chai tu. Mafundi wenzangu, mkiona kijana amekwama, simameni kama alivyosimama yeye. Mzee wangu, shikamoo. Kabati la mama limerudi sebuleni, na mlango wake unaonyesha sura yangu. Karibu uje ulione.