Barua kwa Bakari kuhusu mto wa Lisbon na mto wako

Majengo, Moshi

Ndugu yangu Bakari,

Asalaam aleikum. Habari za Pangani, na shemeji na watoto hawajambo? Huku sisi wazima. Mama mguu umepoa, anatembea mpaka sokoni mwenyewe. Juzi aliniuliza kama yule kijana wa Tanga aliyekuwa anamaliza sufuria ya wali likizo bado yupo duniani. Nikamwambia yupo, tena amenunua mashua.

Masika yameshika kweli. Kibo umejifunika siku nyingi hatujauona, wageni hakuna, na wapagazi wengi wamerudi mashambani. Kwa hiyo nina nafasi ya kukujibu vizuri lile swali lako la kwenye simu, maana siku ile salio lilikata nikiwa hata mtoni sijafika. Uliniuliza wenzetu Ureno wanaifanyaje ile safari ya mashua ya matanga ya watu wachache mtoni, na kama wewe unaweza kuifanya kwenye Mto Pangani. Jibu la pili ni ndiyo, unaweza. La kwanza ndilo refu.

Unajua nilialikwa na mgeni wangu wa zamani, mama mmoja niliyempandisha Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Habari za viza nitakusimulia ukija. Ni ndefu na hazina mto ndani yake. Zawadi aliyoniandalia ilikuwa hiyo safari ya mashua, saa mbili za alasiri. Maisha yangu yote mimi ndiye ninayewaambia watu wakae wapi na wanywe maji saa ngapi, na siku hiyo nikawa mgeni. Nakiri nilimwangalia nahodha kuliko nilivyoangalia mji.

Lisbon imekaa kama Pangani ilivyokaa: mji uko kando ya mto, karibu kabisa na pale mto unapoingia baharini. Mto wenyewe unaitwa Tejo, una zaidi ya kilomita 1,000, unaanzia Hispania. Mbele ya mji unapanuka hadi unadhani ni ziwa, halafu unabanwa tena, unapita chini ya daraja kubwa, ndiyo unakutana na bahari. Maji yanajaa na kupwa kama kwenu, na nahodha alikuwa na ratiba ya maji kwenye simu yake. Aliitazama kabla hata hajatusalimia.

Mashua ilikuwa ya mlingoti mmoja na matanga mawili, na chini ina mkuku mzito unaoizuia isipinduke hata ikilala upande. Tulikuwa wageni wanane, yeye na kijana wake mmoja. Nahodha mwenyewe ni msichana, naona hata thelathini hajafika, mikono imekakamaa kwa kamba. Alitukaribisha kwa jina mmoja mmoja. Akauliza nani haogelei, nani hutapika baharini, nani ana goti bovu. Akatuvua viatu. Akatuonyesha boriti ya chini ya tanga, ile inayohama upande mmoja kwenda mwingine mashua inapogeuka, akasema ikihama kila kichwa kiwe chini. Akagawa jaketi za kujiokolea. Yote hayo tukiwa bado tumefungwa gatini. Mimi getini pale Machame nafanya vivyo hivyo, na ninajua kwa nini: mgeni akishaanza kushangaa mandhari hasikii tena maelekezo.

Kutoka bandarini tulitumia injini. Tulipofika chini ya daraja akaizima, yule kijana akavuta jarari, ile kamba ya kupandishia tanga, likapanda. Bwana we! Kelele ilipokatika ndipo nikasikia daraja linavuma juu yetu kama mzinga wa nyuki. Nikadhani kuna kitu kimeharibika. Kumbe ni matairi ya magari yanapita juu ya wavu wa chuma, huko juu mita kama 70. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1966 likiitwa kwa jina la Salazar, mtawala wao wa kiimla. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974 wakalibadili jina, likawa daraja la 25 Aprili. Ng'ambo ya pili kuna sanamu kubwa ya Kristo amenyoosha mikono kuelekea mji, ya mwaka 1959. Hayo yote alitueleza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeongea barazani. Nahodha wa watu mia moja angehitaji kipaza sauti, na mtu akishika kipaza sauti huanza kuhutubia. Wanane unaongea nao, wanakujibu, na akichoka mmoja unamwona usoni.

Upepo ulitoka upande wa bahari, kwa hiyo ilibidi kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo. Hapa ndipo nilipokukumbuka. Wewe kubisha na mashua yako ni kazi ya wanaume watatu: foromali, ule mti wa tanga, izungushwe mbele ya mlingoti, demani, kamba ya tanga, ihamishwe, mtu mmoja apige kelele na mwingine amtukane. Yule msichana aligeuza usukani, kijana akaachia kamba ya huku akavuta ya kule, tanga likavuka lenyewe. Mashua ikalala upande hadi maji yakawa yanapita karibu na goti langu. Nilishika reli kwa mikono miwili, mimi ambaye ule ukuta wa mawe wa Barranco mlimani napita nikipiga mluzi. Mzee mmoja Mjerumani akanicheka mpaka akakohoa.

Tukafika Belém. Hapo kuna mnara wa mawe uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kulinda mlango wa mto, na si mbali nao kuna mnara wa kumbukumbu wa wasafiri wao wa baharini, wa saruji, wenye kimo cha mita zaidi ya 50 na sanamu za watu wamejipanga kama wanapanda omo ya meli. Huo si wa kale. Wa kwanza ulisimamishwa kwa muda mwaka 1940, na huu wa kudumu ulijengwa mwaka 1960. Nahodha akalegeza matanga, mashua ikatulia, akamimina divai kidogo kidogo. (Nilionja. Mama asijue.) Kisha akaanza hadithi yake: kwamba kutoka ufukwe huu, tarehe 8 Julai 1497, Vasco da Gama aliondoka, akazunguka Afrika, mwaka uliofuata akafika India, akarudi na njia ya viungo, na Ureno ikatajirika.

Akanyamaza, watu wakapiga picha.

Bakari, sikuweza kuvumilia. Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikamuuliza, na Mombasa je? Na Malindi? Maana mtu hawezi kufika Kalikuti kule India kutoka Rasi ya Tumaini Jema kwa kufumba macho. Nikawaeleza alivyofika Mombasa Aprili 1498 mambo yakamwendea vibaya, akasogea Malindi akapokelewa, na mfalme wa Malindi ndiye aliyempa rubani aliyejua kuvuka kwenda India. Nikawaambia aliporudi mara ya pili, mwaka 1502, aliingia Kilwa na mizinga akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa ushuru wa dhahabu, na mwaka 1505 Wareno wengine wakaja wakauteka mji wenyewe. Wageni wakaacha simu, wakanigeukia. Nilikuwa na wasiwasi yule msichana atanuna kwa kuingiliwa kazi. Hakununa. Aliniuliza Kilwa inaandikwaje, akaiandika kwenye mkono wake kwa kalamu. Halafu akaniambia: dhahabu hiyo ipo hapa mjini, nenda kaione.

Nikaenda. Iko katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale, kwenye kilima upande huo huo wa mto. Ni chombo cha kanisani cha kuwekea hostia, ule mkate wa ibada, kirefu kama mkono wangu, kimefumwa kwa minara midogo midogo na mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Inasemekana aliyekitengeneza ni Gil Vicente. Kwenye kitako wameandika kwa Kireno cha zamani kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, kikamalizika mwaka 1506. Hawakuficha. Jina la mji wetu liko pale kwa herufi za rangi, chini ya kioo, na watu wanapita wakielekea chumba cha pili. Mimi nilikaa hapo mpaka mlinzi akaanza kunisogelea.

Sasa sikiliza ninachotaka kukuambia. Wale wanauza maji nusu na hadithi nusu, na hadithi yao inaishia mlangoni mwa mto. Baada ya hapo ni bahari tupu mpaka India. Wewe umekaa mwisho wa pili wa safari hiyo. Halafu una yako ya Pangani pekee, na hapo ndipo mimi na wewe tunaweza kufanya biashara.

Wageni wangu wote wanamjua Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo Oktoba 1889. Jina lake limechongwa Marangu. Ninaowauliza kama wanajua mwaka mmoja kabla alikuwa wapi, hajui hata mmoja. Alikuwa mikononi mwa Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani! Alikamatwa mwaka 1888 akiwa anarudi pwani na mwenzake Baumann, wakafungwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia. Meyer akarudi kwao, akajipanga upya, akapanda mlima. Na miezi miwili baada ya kufika kileleni, Desemba 1889, Wajerumani walimnyonga Abushiri hapo hapo Pangani. Hiyo ni hadithi moja, Bakari, na imekatwa vipande viwili: changu kiko mlimani, chako kiko mtoni. Mgeni akishuka kutoka Kibo akiwa na nusu, kwa nini asishuke Korogwe na Muheza kuja kuchukua nusu ya pili? Hata maji ni hayo hayo. Kikuletwa inateremka kutoka Meru na Kilimanjaro, Ruvu inakuja na yake, zinakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo ni Mto Pangani mpaka mlangoni kwako.

Kuhusu mashua yenyewe, nina maoni machache, na wewe baharia utanisahihisha. Usiige kila kitu chao. Wao wanauza machweo, lakini kwao kiangazi jua linachelewa na giza linakuja polepole. Kwenu jua likizama ni usiku, na mtoni kuna mamba na mbu. Ondokeni saa tisa maji yakiwa yanajaa, upepo wa baharini uwasukume kwenda juu katikati ya minazi na mikoko, halafu mrudi na maji ya kupwa kabla ya magharibi. Mlangoni kwenye mawimbi usiwapeleke, hata wakikuomba. Usizidishe watu wanane. Wakija kumi na wanne, waende kwa zamu mbili. Najua inauma kurudisha pesa, lakini wa tisa ndiye anayeharibu safari ya wanane. Choo huna, kwa hiyo saa mbili zinatosha kabisa. Turubai la kivuli liwe la kukunja, lisizuie tanga. Jaketi ziwe mpya, na karatasi za TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, ziwe safi kabla mgeni wa kwanza hajakanyaga; wakala wa Arusha hatakutumia mtu bila hizo, na mimi pia sitamtuma.

Injini uwe nayo, lakini izimwe mapema. Na yule mpwa wako anayetaka kufunga spika, mkatalie kabisa. Mpe kazi ya kujifunza hadithi. Aende kwa wazee wa pale mjini, akae nao, asikilize wanavyosimulia habari za Abushiri na za soko la watumwa, asiokote kwenye simu tu. Kiingereza chake kinatosha. Nilimsikia siku ile akibishana na yule Mholanzi kuhusu bei ya pweza.

Mwezi wa saba nina kundi la watu sita, wanashuka mlimani wakiwa na siku tatu mikononi kabla ya ndege. Wanafikiria Zanzibar, kama kawaida ya wote. Nimewadokeza Pangani na wawili tayari wameshapenda. Nitumie urefu wa mashua, inakalisha wangapi kwa raha, na bei utakayotoza kwa kichwa. Usiniandikie bei ya kirafiki. Niandikie bei itakayokuwezesha kushona tanga jipya, maana lile la sasa nimeliona kwenye picha na lina viraka kuliko kitambaa.

Barua hii nimempa dereva wa basi la Tanga pamoja na kilo mbili za kahawa ya shambani kwetu. Moja ni yako, nyingine ya shemeji, na najua zote utazinywa wewe. Mpigie dereva mapema, namba nimeiandika juu ya mfuko.

Wako,
Elia