Ugali wa watu saba

Kisumu, Jumapili usiku

Njoro ndugu yangu,

Uko aje? Najua umekasirika, miezi minne sijatuma hata salamu, na ile siku ulipiga nikakwambia nakupigia baada ya dakika tano, hizo dakika bado zinaendelea. Mama mguu unaendeleaje? Huku tuko sawa, joto tu, na stima inaenda inarudi vile inataka.

Nimekuandikia juu ya ile apu yangu ya kuzuia chakula kutupwa. Eh, bado niko nayo, cheka umalize.

Si unakumbuka vile nilianza na mbwembwe? Nilikuwa nimesoma ile ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la UN, hao wa hapo Gigiri, kwamba mwaka wa 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni moja za chakula, na asilimia 60 hivi ilitoka majumbani, si hotelini wala sokoni. Hizo za majumbani ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka (na hapo wamehesabu maganda na mifupa pia, usidhani ni wali mtupu). Nikazidisha mara saba ya nyumba yetu nikapata kama magunia sita ya mahindi, nikashtuka, nikaacha kulala, nikaanza kuandika programu.

Lakini nilikopa akili ya wazungu, Njoro. Ukinunua kitu unaskani ile mistari ya paketi, unaweka tarehe, simu inakukumbusha kabla kiharibike. Nikawapa nyumba kumi na mbili hapa Manyatta wajaribu. Baada ya wiki mbili aliyekuwa amejaza kitu ni mmoja, na huyo mmoja ni mimi. Sasa sukuma ya mama mboga ya bob ishirini ina mistari gani? Omena ya gorogoro utaiskani wapi? Watu wananunua cha leo leo, na friji ziko nyumba nne tu, moja wanawekea nguo. Nilikuwa nimeweka hadi maonyo, eti wali ukilala nje kwa joto hili usile, kuna bakteria ambayo sumu yake haitoki hata ukiupasha moto, na hiyo ni kweli kabisa, lakini mama yangu alisoma akaniuliza kwani yeye alitulea sisi watano na nini.

Auntie Rose ndiye alinifungua macho, tena bila kuangalia simu. Alikuwa anamwagia mbwa ugali akasema, wewe unauliza nyanya itaoza lini, uliza Ochi anarudi saa ngapi. Nikanyamaza. Kwa sababu ni kweli, anasonga ugali wa watu saba, wanakula watatu. Ochi amekula chips mayai huko Kondele, Baba Otis ako matanga, mimi ndio hivyo niko kwa kompyuta nasema nakuja. Asubuhi tunakula kidogo na chai, ule mwingine umekauka, na omena imeshachacha. Nikachukua kitabu nikaandika kila siku kwa wiki tatu. Siku 21, tulimwaga kitu siku 14, na 11 kati ya hizo ni mtu alipikiwa akakosa kuja. Nyanya zilizooza ni mara mbili tu!

Kwa hivyo nimefuta karibu kila kitu. Sasa saa kumi jioni kila mtu anapata sms, unakula nyumbani leo, jibu 1 ndio ama 2 hapana. Anayepika anapata namba ya watakaokula. Basi. Hata simu ya mulika mwizi inafanya, haitaki bando.

Shida ni Ochi. Anajibu 1 kila siku, hata akiwa Busia, anaogopa asije akakosa. Halafu kuna hii ya mama ambayo inanisumbua zaidi, alisema sufuria inayotosha waliopo tu ni sufuria ya uchoyo, mtu akibisha saa mbili usiku utamwambia hakujibu sms? Nikajaribu kuongeza mgeni mmoja kwa kila hesabu, lakini huyo mgeni haji, na anayekula ugali wake ni yule mbwa. Nikimtoa naona mama amenyamaza ile kunyamaza yake. Sijui. Kuna siku nadhani namba ni ya Auntie Rose peke yake, mama asiione, lakini jikoni ni moja.

Sasa wewe ulitengenezea ile sacco ya maziwa sms zao, na mimi hii gharama inanimaliza, watu saba kila siku ni pesa. Ulikuwa unalipa ngapi kwa sms moja? Si kuna njia mtu anajibu bure? Na pale kwenu Bahati mko wangapi siku hizi, kumi? Unaweza kuongea na mama ajaribu wiki mbili tu, ama atasema kama wangu? Huko kwenye baridi chakula cha jana si kinakaa vizuri kuliko huku? Na mgeni, nyinyi mnampikiaje, mnamhesabu ama mnapunguziana sahani akifika?

Nakuja harusi ya Kip. Nalala kwenu Ijumaa na Jumamosi, Ijumaa nitakuwa nimekula njiani.

Wako,
Odhis