Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Msimu wa Matembezi ya Njia ya Misafara, Mpwapwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa madiwani, wazee wetu, walimu na wanafunzi,
Mabibi na mabwana,

Mbukwenyi!

Sisi wanakikundi wa kuongoza matembezi tunakukaribisha kwa heshima zote. Tumeona umekuja na viatu vya kutembelea, na hilo pekee limetutia moyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, njia unayoifungua, njia ya zamani ya misafara ya biashara, ilianzia Bagamoyo, ikapanda Mamboya na Mpwapwa, ikakata Ugogo hadi Kilimatinde, ikaingia Kwihara jirani na Tabora na kuishia Ujiji, jumla kama kilomita 1,200. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Mpwapwa imo. Ikitajwa, watu huwakumbuka wavumbuzi wa Kizungu: Burton aliyepita na Speke mwaka 1857, au Stanley mwaka 1871. Hao walipita. Walioichonga kwa nyayo ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi.

Mpagazi alibeba wastani wa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Mtumba wa nguo ulikazwa kwa kamba ukawa mrefu na mnene kama mto wa kulalia, ukafungiwa fito ubavuni zenye panda upande mmoja. Panda zile zilikuwa na kazi. Akipumzika, mpagazi aliuegemeza mtumba mtini bila kuulaza chini, ukaepuka unyevu, na akiondoka aliingiza bega chini yake akanyanyuka nao. Wapagazi hawa kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa ujira. Watumwa nao walipelekwa pwani kwa njia hiihii, na machungu yao hayafichwi, lakini kumwita kila aliyebeba pembe za ndovu mtumwa ni kukosea historia.

Ukitoka Mpwapwa kuelekea magharibi unakutana na Chunyo, na jina lake linajieleza: maji ya chunyo ni maji ya chumvichumvi. Mbele yake kuna Marenga Mkali, nyika kama ya kilomita 50 isiyo na maji ya kutegemea wakati wa kiangazi, hadi vijiji vya Mvumi. Kwa kawaida msafara ulianza alfajiri ukapiga kambi kabla jua halijawa kali. Hapa utaratibu uligeuzwa. Watu walipika na kunywa, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakatembea hadi usiku, wakalala mahali pasipo na maji na kufika siku ya pili. Mwendo huo uliitwa terekeza. Aliyeondoka asubuhi kwa mazoea alikutwa na majua mawili njiani badala ya moja na nusu, na vibuyu havikutosha.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaoiita hongo ya Ugogo, yaani ushuru ambao misafara iliwalipa watemi ili ipite, unyang'anyi. Mtemi kama Magomba wa Kanyenye alitawala visima vilivyochimbwa na kutunzwa na watu wake, katika nchi ya mvua za miezi minne hivi. Msafara wa mamia ya watu ungeweza kukausha kisima cha kijiji kwa siku moja. Doti moja, yaani mikono minane ya kitambaa cha pamba kama merikani au kaniki, ililipia maji hayo. Kama bei ilikuwa inapandishwa? Ilikuwa, na misafara nayo ililalamika kama wateja wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa anayetembea leo, kila mtu abebe lita 5 za maji kwa siku. Maji ya akiba hupatikana kwenye korongo lenye mchanga mzito, upande wa juu wa mwamba unaokatiza, kwa kuwa mwamba huyazuia yasishuke. Chimba shimo pana, maana jembamba hubomoka. Teka na kumwaga maji ya kwanza yenye tope, subiri yatuame, kisha yachemshwe. Kati ya Desemba na Aprili asilale mtu korongoni hata mbingu ikiwa nyeupe: mvua hunyesha milimani na maji hufika baadaye, yamebeba magogo.

Kuhusu alama, tumeona mbao zinaliwa na mchwa na bati linang'olewa kwenda kuezekea banda la kuku. Rangi juu ya mbuyu hudumu hadi mtu atakapobandua gome apate kamba. Kinachokaa ni nguzo fupi ya zege ya mita 1.2, sentimita 40 zikiwa ardhini, ikisimamishwa ukingoni mwa korongo na kamwe si ndani yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, fedha zitakapopatikana zisianzie kwenye geti na mnara. Zianze kupima na kuwekea nguzo visima vya zamani kati ya Chunyo na Mvumi, kabla matrekta hayajavifukia. Pili, wazee wanaovijua visima hivyo kwa majina ya Kigogo walipwe posho ya siku kama mtaalamu mwingine yeyote, na majina hayo yaandikwe kwenye nguzo kama wanavyoyatamka.

Tunaomba kuwasilisha.